Chekeche, Mkanda na Jicho la Mashine

Katikati ya karne ya 19, aliyetaka kuona taka zikichambuliwa barabara alikwenda London, kwenye yadi za vumbi. Nyumba za jiji hilo zilipika na kuota moto kwa makaa ya mawe, kwa hiyo sehemu kubwa ya takataka ilikuwa majivu. Mikokoteni iliyamwaga yadini mpaka yakawa kilima. Kando ya kilima walikuwapo wanawake waliovaa aproni nene za ngozi, kila mmoja na chekeche lake la chuma. Mwanamume mwenye koleo aliwajazia, wao wakatikisa. Unga laini ulioanguka chini ulinunuliwa na wafyatua matofali, wakauchanganya na udongo. Vipande vya makaa yaliyoungua nusu vilinunuliwa na hao hao, wakavitumia kuchomea matofali. Mifupa ilikuwa na mteja wake, matambara yalikwenda kwenye viwanda vya karatasi, na bati na vioo navyo havikukosa mtu. Henry Mayhew, mwandishi aliyeizunguka London ya mafukara na kuchapisha habari zake mwaka 1851, alieleza yadi hizo kwa kirefu, na anayemsoma leo hushangaa jinsi kilichobaki bila mnunuzi kilivyokuwa kidogo.

Nimeanza na wanawake hao kwa makusudi. Habari za roboti zinazochambua taka huandikwa siku hizi kana kwamba mambo yalianza juzi, kompyuta ilipoingia dampo. Ukiifuata historia tangu chekeche, unagundua kwamba mikono haijapata kuadimika. Vilivyoadimika ni viwili: jicho la kutambua kitu kilichopondwa, kikalowa na kuchafuka, na mtu wa kukinunua kikishatambuliwa. Mashine imejitahidi sana kwenye hilo la kwanza. La pili hailiwezi hata kidogo.

Wenye mamlaka walipoanza kujishughulisha na uchambuzi, walianzia mlangoni mwa mwananchi. Mwezi wa Novemba 1883 Eugène Poubelle, mkuu wa mkoa wa Seine ambamo Paris ilikuwamo, alitoa amri kwamba kila mwenye nyumba awawekee wapangaji vyombo vya taka vyenye mfuniko. Vilitakiwa vitatu: cha mabaki ya chakula, cha karatasi na matambara, na cha vigae, vioo na magamba ya chaza. Walioumia kwanza ni waokota matambara, maelfu ya watu waliopita usiku na taa, kapu mgongoni na ndoano mkononi, wakipekua marundo yaliyomwagwa barabarani. Taka zikifungiwa ndani ya chombo na kutolewa muda mfupi kabla ya mkokoteni kupita, wao wangepekua nini, na saa ngapi? Magazeti yaliwatetea na kumkejeli mkuu wa mkoa kwa kukiita chombo hicho jina lake, ambalo Wafaransa wanakiita hadi leo. Chombo kilibaki. Ule utaratibu wa vyombo vitatu haukushika.

New York ilikuwa na tabu nyingine. Mwaka 1895 kazi ya kusafisha mitaa alikabidhiwa George Waring, kanali wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na mhandisi aliyesimamia mitaro ya Central Park na mfumo wa majitaka wa Memphis. Aliwavika wafagiaji wake sare nyeupe pepepe, watu wakacheka, kisha wakazoea, kisha wakajivunia. Lakini kilichompa wazo la uchambuzi ni mahesabu. Alikuta wakandarasi wa Kiitaliano wakiilipa manispaa ili waruhusiwe kupekua taka kwenye mashua kabla hazijapelekwa kutupwa. Akaona kwamba kama mtu analipa apewe nafasi ya kuchakura, basi jiji linatupa fedha. Wakazi wakaamriwa kutenganisha majivu, mabaki ya chakula na takataka kavu, na kufikia 1898 jiji lilikuwa na kituo chake cha kwanza cha kuchambulia. Hapo taka kavu zilipita juu ya mkanda unaotembea, wafanyakazi wamesimama pembeni, huyu anatoa karatasi, yule matambara, mwingine chupa.

Mkanda huo ni muhimu kuliko unavyoonekana. Mwanamke wa London alikaa na chungu yake mpaka iishe. Mtu wa New York alisimama mahali pamoja na taka zikamjia, na kasi ilipangwa na mwenye injini. Henry Ford alikuwa bado na miaka 15 kabla ya kuyaundia magari yake kwenye mkanda. Mwaka huohuo wa 1898 treni zilianza kubeba taka za München hadi Puchheim, ambako zilichambuliwa kwa mikono, na kituo hicho kiliendelea hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Waring hakukaa kuona matunda. Siasa za jiji zilimwondoa ofisini, akatumwa Havana kuchunguza namna ya kuusafisha mji huo, akarudi na homa ya manjano, akafa Oktoba 1898.

Nusu karne iliyofuata tunaweza kuipita haraka. Karatasi iliyotengenezwa kwa miti iliua bei ya matambara, gesi na umeme vikaondoa majivu, na ufungashaji wa bidhaa ukajaza pipa vitu vipya ambavyo havikuwa na soko. Miji mingi ya Ulaya na Marekani iliona nafuu ni kuchimba shimo na kufukia. Wakati wa vita watu walihimizwa kukusanya makopo na karatasi. Vita vilipokwisha, hima nayo ikaisha.

Vifaa vilivyokuja kuubadilisha mkanda vilikuwa vikikua kwingine kabisa. Sumaku ilishajulikana tangu kwenye machimbo: itundike juu ya mkanda na makopo ya chuma yanapanda yenyewe. Kopo la soda la alumini halikamatwi na sumaku, ila kuna ujanja wake. Ukizungusha sumaku kwa kasi kubwa ndani ya gurudumu la mwisho la mkanda, umeme unazuka ndani ya alumini, umeme huo nao unajifanyia usumaku wake, na kopo linajisukuma. Aliyesimama karibu anaona takataka zote zinadondoka kwa uvivu ukingoni, halafu makopo peke yake yanaruka mbele kama panzi. Hapo hakuna jicho lililotumika, ni tabia ya kitu tu.

Jicho lilitoka kwenye maharage. Miaka ya 1930 huko Michigan zilitengenezwa mashine zilizotumia seli za mwanga kutambua punje iliyobadilika rangi na kuitoa kwenye mtiririko wa maharage meupe. Baada ya vita, mwaka 1947, kampuni ya Sortex ilianzishwa London kwa kazi hiyohiyo, na baadaye mashine za aina hiyo zikaingia kwenye mchele na kahawa. Utaratibu wake ndio unaotumika hadi leo: punje inaanguka mbele ya taa, kipokea mwanga kinaiona, na ikiwa mbovu, pumzi fupi ya upepo wa kompresa inaipiga pembeni. Wamarekani walijaribu kuuhamishia kwenye taka mapema. Mji mdogo wa Franklin, Ohio, ulifungua mwaka 1971 kiwanda cha majaribio kilichosaga taka zote na maji kwenye sufuria kubwa la chuma, na vipande vya chupa vilivyotoka humo vikajaribiwa kuchambuliwa kwa rangi. Karatasi iliyopatikana ilikuwa chafu kiasi kwamba ilifaa tu kwa vifaa vya kuezekea. Watu wa fani walijifunza jambo ambalo wanawake wa London wangewaambia bure: ukishavuruga, huchambui tena.

Norway iliingia kwa mlango wa duka. Yeyote aliyekulia Afrika Mashariki enzi za chupa za vioo anajua kurudisha chupa tupu ili apewe soda au fedha yake ya rehani, na anamjua mwenye duka aliyechoshwa na kreti zisizokwisha. Mwenye duka wa namna hiyo, mjini Oslo, aliwalalamikia ndugu wawili, Petter na Tore Planke. Mashine zilizokuwapo zilikuwa na tundu kwa kila aina ya chupa. Tore alibuni yenye tundu moja tu, ambayo iliisoma chupa kwa mwanga na kujua ni ipi. Mwaka 1972 wakaanzisha kampuni, Tomra. Mwaka 2004 kampuni hiyo ilinunua TiTech, kampuni nyingine ya Norway iliyokuwa imeliweka jicho la miali ya infraredi juu ya mkanda wa taka.

Miali hiyo haionekani kwa macho yetu. William Herschel aliigundua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto nje kidogo ya wekundu wa upinde wa mvua na kuona joto linapanda mahali ambapo hapana rangi. Plastiki nazo, ukizimulika kwa taa zenye miali hiyo, kila aina humeza sehemu yake na kurudisha nyingine. Chupa ya maji na kifuniko chake, ambavyo kwa macho vinaweza kufanana kabisa, kwa infraredi ni vitu viwili tofauti. Mkanda unakimbia karibu mita tatu kwa sekunde, kompyuta inasoma, na kwenye ukingo safu ya matundu madogo inafunguka kwa kupasukapasuka, kila tundu kwa muda wa kufumba jicho au pungufu. Chupa inapaa, kifuniko kinaanguka.

Ila mashine ghali kama hiyo hainunuliwi kwa kupendeza. Ilihitaji sheria, na sheria ilitoka Ujerumani. Waziri wa mazingira Klaus Töpfer, aliyewahi kujitosa mto Rhein mwaka 1988 mbele ya kamera, alipitisha mwaka 1991 kanuni iliyowataka wenye viwanda wachukue wajibu wa vifungashio vyao. Wenye viwanda wakaunda mfumo wao wa pamoja wa ukusanyaji, bidhaa zikapigwa chapa ya doti ya kijani kuonyesha ada imelipwa, na nyumba zikapata mfuko wa manjano. Ghafla milima ya plastiki mchanganyiko ilikuwa na mtu anayelazimika kuilipia. Soko la jicho la infraredi lilizaliwa hapo. Töpfer mwenyewe alihamia Nairobi mwaka 1998 kuliongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, akakaa Gigiri mpaka 2006, upande wa pili wa jiji ambalo dampo lake la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na likaendelea kupokea malori.

Neno akili mnemba liliingia kwenye taka kupitia Helsinki. Mwaka 2007 Tuomas Lukka, Harri Valpola na Jufo Peltomaa walianzisha ZenRobotics. Valpola alikuwa mtafiti wa mitandao ya neva bandia, yaani programu zinazojifunza kwa mifano badala ya kuandikiwa kila kanuni. Walikwepa chupa, wakaenda kwenye vifusi: mbao, mawe, mabomba na vyuma vya majengo yaliyobomolewa. Vitu hivyo ni vizito na ni vya hatari kwa mtu, na infraredi peke yake haiwezi kuuambia mkono wa roboti ushike wapi kwenye ubao wenye misumari. Mwaka 2011 walikuwa na mashine ya kuonyesha. Sifa zilikuja, wanunuzi wakaja kwa kusitasita. Kampuni ilinunuliwa na Terex ya Marekani mwaka 2022.

Kati ya hapo kulitokea badiliko kwenye jicho lenyewe. Mwaka 2012, katika shindano la kutambua vitu kwenye picha lililotegemea hazina ya ImageNet iliyokusanywa na kundi la Fei-Fei Li, watafiti watatu wa Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, waliwaacha wenzao mbali kwa mtandao wa neva wenye tabaka nyingi. Tangu siku hiyo, kufundisha mashine kutambua kitu lilikuwa suala la kupata picha za kutosha zilizoandikwa majina. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Stanford walitoa hazina ndogo iliyoitwa TrashNet: picha 2,527 za vioo, karatasi, maboksi, plastiki, vyuma na taka nyingine. Imetumika kwenye makala za kitaalamu nyingi mno. Ukizifungua picha zake unacheka kidogo, maana kila kopo limelazwa peke yake kwenye ubao mweupe, safi, lina nafasi yake. Hakuna mkanda wa taka duniani ulio hivyo.

Ulivyo mkanda halisi alikuja kupambana nao Matanya Horowitz, aliyetoka Caltech na shahada ya uzamivu ya roboti na kuanzisha AMP Robotics huko Colorado mwaka 2014. Roboti yake ya kwanza kufanya kazi aliiita Clarke, kwa heshima ya mwandishi Arthur C. Clarke, na ilifungwa kwenye kituo kimoja cha Denver. Ilipewa kazi finyu kwa busara: kutoa maboksi ya maziwa na juisi, kwa msaada wa umoja wa watengenezaji wa maboksi hayo. Boksi la maziwa ni kitu cha tabu. Ni karatasi, lakini lina ngozi ya plastiki, na pengine alumini ndani. Likiingia kwenye robota la karatasi linaharibu, na kwa kuwa ni machache kwenye mkanda, kumsimamisha mtu kuyangojea hakulipi. Kamera iliyaona yakiwa yamekanyagwa, yamepinduka, nusu yamefunikwa na gazeti. Ilijifunza nembo, pembe, mikunjo. Mikono myembamba iliyoning'inia kama miguu ya buibui ilishuka na kikombe cha kufyonza, ikanyakua, ikatupa. Mchambuzi hodari hutoa vitu 30 au 40 kwa dakika na kuchoka. Roboti za kampuni hiyo zilizofuata zilitangazwa kufikia 80.

Nyuma ya kila boksi lililotambuliwa kuna picha ambazo mtu alikaa akazichorea mipaka: hili boksi, hili chupa, hii ni nepi. Kazi ya namna hiyo kwa ajili ya akili mnemba, vijana wengi wa Nairobi wanaijua kwa ujira wake mdogo. Mikono ya uchambuzi haijatoweka. Mingine imehamia kwenye kipanya.

Huenda Clarke angebaki kitu cha maonyesho kama si China. Kwa robo karne nchi hiyo ilikuwa mkono wa dunia: tangu 1992 ilikuwa imepokea takribani asilimia 45 ya taka zote za plastiki zilizovuka mipaka, na familia nzima zilizichambua nyuani mwa nyumba. Filamu ya Wang Jiuliang, Plastic China, ya mwaka 2016, ilionyesha watoto wakiishi ndani ya kazi hiyo. Julai 2017 serikali ililiarifu Shirika la Biashara Duniani kwamba itaacha kupokea. Mwaka 2018 ukaanza na marufuku, na kwa kilichoendelea kuruhusiwa kikawekwa kipimo cha uchafu kisichozidi nusu ya asilimia. Marobota ya Marekani na Ulaya hayakukaribia usafi huo. Karatasi mchanganyiko ikageuka mzigo wa kulipia ili uondolewe, na vituo ambavyo jana vilijitahidi kiasi tu vikaanza kutafuta kila namna ya kusafisha mkanda wao. Uviko ulipokuja 2020 na wafanyakazi kutakiwa kuachiana nafasi, maombi ya roboti yaliongezeka tena. Kwa hiyo anayesema roboti zilimfukuza mchambuzi awe makini na mtiririko: kwanza China ilirudisha mzigo, ndipo roboti zikaitwa.

Udhaifu wa mashine haukuchelewa kuonekana. Sahani nyeusi za vyakula vya kupasha zina masizi yanayomeza infraredi, kwa hiyo mashine inaona mkanda mtupu. Betri za lithiamu zilizofichwa ndani ya midoli zinapondwa na kuwaka moto, na vituo vingi vimeungua. Huko MIT, mwaka 2019, kundi la Daniela Rus lilijaribu kugusa badala ya kutazama: vidole laini vya roboti vilivyobonyeza kitu na kujua ni karatasi, chuma au plastiki. Kitu kikiwa kimetulia vilipatia asilimia 85. Kwenye mkanda wa kuigiza, 63. Mwanamke wa chekeche alifanya yote mawili kwa pamoja, na aliponusa pia alijua.

Lakini kisa kinachonivutia kuliko vyote ni kile kilichoupata mkono wenyewe. AMP, iliyojulikana kwa mikono yake ya buibui, ilijenga vituo vyake yenyewe ambamo kazi kubwa inafanywa na kamera na upepo wa kompresa. Neno Robotics likaondoka kwenye jina lake. Jicho lililofunzwa kwa picha likaunganishwa na ule mpulizo uliokuwa ukitoa maharage mabovu miaka 90 iliyopita, maana mpulizo haunyanyui, haurudi nyuma, na unaweza kufunguka mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kwa mfumo huo kampuni ilipata mkataba wa miaka 20 wa kuchambua taka za kusini-mashariki mwa Virginia, zile za pipa la kawaida kabisa. Mkono wa roboti, uliopigwa picha kwenye kila gazeti, ulikuwa wa kupitia tu.

Kituo kikubwa kilichofunguliwa karibuni kinathibitisha lile la pili, la mnunuzi. Site Zero ya Motala, Sweden, iliyoanza Novemba 2023, inaweza kupokea tani 200,000 za vifungashio vya plastiki kwa mwaka na kuvigawa katika aina 12, na inamilikiwa na wenye viwanda wenyewe kupitia mashirika yao, ambao sheria inawataka kugharimia. Kenya ilipitisha mwaka 2022 sheria ya usimamizi endelevu wa taka inayotaka zitenganishwe nyumbani na kuwatwisha wazalishaji wajibu uleule ambao Töpfer aliwatwisha Wajerumani. Wanaouliza roboti itafika lini Dandora, au dampo la Pugu la Dar es Salaam, wanasahau kwamba chupa nzuri ya maji haifiki dampo ikiwa hai: imeshaokotwa mtaani, imeshapimwa kwa kilo, imeshauzwa. Kinachofika ni maganda, maji ya uozo na pakiti ndogo za sabuni ya unga na viungo, zenye tabaka za plastiki na alumini zilizogandamana. Kamera yoyote ya leo ingeitambua pakiti hiyo bila shida, na ingeituma kwenye tundu la mabaki, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachoitaka. Kama ada za wazalishaji zitalipwa kweli, na kama sehemu yake itaifanya pakiti hiyo ibuniwe upya kwa plastiki ya aina moja, waokotaji wa Dandora wataanza kuiokota wiki hiyohiyo, bila kungoja mashine.